Mbao za Mahrokh na Chafya ya Heshmat

Gari lilikuwa limeshawashwa. Mbao mbili za kutelezea kwenye theluji zilikuwa zimefungwa juu kwa kamba ya kuanikia nguo, kikapu cha kotleti na mikate kilikuwa miguuni, thamosi ya chai ilikuwa mapajani, na Mahrokh alikuwa ameshapita chini ya Kurani, ameibusu, ameketi na kufunga mkanda. Kilichobaki ni Nilgun, mjukuu wake, kuondoa mguu kwenye breki. Hapo ndipo Agha Heshmat, mume wa Mahrokh, aliyekuwa amesimama kizingitini na unga kwenye nyusi, alipovuta pumzi, akashika ukuta, akapiga chafya.

Moja.

Wote wakamtazama pua. Agha Heshmat naye akajisikilizia, mdomo wazi, kidole hewani. Haikuja nyingine.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ndogo.

"Zima gari," akasema Bi Batul.

Huku kwetu Yazd hakuna asiyejua maana yake. Mtu akipiga chafya moja wakati msafiri yuko mlangoni, hiyo ni subira imekuja: rudi ndani, kaa, safari ina neno. Akipiga mbili, ni ruhusa, tena ya haraka, uondoke kabla chai haijapoa. Wapo watu waliosoma hata majina yao hayatoshi mlangoni, wanaokucheka ukiwasimulia haya. Wapigie chafya moja wakiwa wamebeba sanduku, uone watakavyoanza kutafuta funguo ambazo hawajazipoteza.

"Wifi, ni unga tu huo," Mahrokh akasema kupitia dirishani. "Ametoka kiwandani sasa hivi, hata hajanawa."

"Unga au pilipili, chafya ni chafya," akajibu Bi Batul. Alikuwa dada mkubwa wa Heshmat, mjane, anaishi upande wa pili wa ua, na ana masikio yanayosikia jirani akimenya kitunguu. Bakuli la maji ya kumwagia nyuma ya gari alikuwa amelishika tayari. Akaligeuza, maji akayamimina kwenye chungu cha mmea; maji hayatupwi huku kwetu. "Nilgun, mwanangu, shuka. Mfungulie bibi yako mlango, goti lake baya."

Nilgun akaegemea usukani. "Bibi, sema kitu. Hoteli tumeacha ili tulale kwa kaka yako, tumeshampigia simu, mtihani wangu wa mwisho nimeumaliza jana. Tutarudi ndani kwa sababu ya pua ya Babu?"

Mahrokh alitaka sana kusema kitu. Lakini aliwahi kuidharau subira mara moja maishani, akiwa bi harusi mchanga: Heshmat alipiga chafya, yeye akacheka, akaenda kwenye harusi ya watu hivyo hivyo, na kabla sahani hazijapangwa alikuwa ametumbukia kwenye bwawa la uani mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi, viatu vipya vikielea. Tangu siku hiyo hakuamini, ila hakukaidi.

Akafungua mkanda.

Ni vyema ijulikane kwamba Mahrokh si mtu wa jangwani kama sisi wa Yazd. Alizaliwa Shemshak, kijiji cha mlimani huko juu ya Tehran, ambako theluji hupanda hadi kwenye madirisha na watoto hutumwa dukani wakiwa juu ya mbao. Baba yake alikuwa seremala. Mbao za mwisho alizomchongea, ndefu, nyekundu, alizipinda ncha kwa mvuke wa sufuria ya supu, mama yake Mahrokh akigombana naye siku nzima kwa sababu ya supu. Kwa mbao hizo alishuka mlima mbele ya wavulana wa kijiji, na wavulana wa kijiji hawakupenda.

Halafu jeshi likamleta Heshmat. Kijana wa Yazd, mtoto wa mtengeneza pashmaki, zile nyuzi nyeupe za sukari zinazoyeyuka mdomoni. Theluji alikuwa ameiona kwa mbali tu, kileleni mwa mlima Shirkuh, akiwa juu ya dari la nyumba yao. Siku ya kwanza alianguka mbele ya duka la mikate, Mahrokh akamwinua kwa kola. Siku ya pili akaanguka pale pale. Siku ya tatu vile vile. Mahrokh, aliyekuwa na miaka ishirini na kichwa kikubwa, alijua kabisa kwamba hakuna mwanamume mzembe kiasi hicho, na kwamba huyu anaanguka makusudi ili ainuliwe. Kisa hicho alikisimulia miaka yote kwenye kila harusi, huku Heshmat akiinamisha kichwa na kumenya chungwa.

Mbao zilishuka naye Yazd kwenye mizigo ya bi harusi. Bi Batul alizigeuza geuza akauliza kama kwao watu wanafulia juu yake au wanaoshea maiti. Baadaye zikaenda ghala la chini, zikawekwa juu ya matofali, zikawa rafu ya mitungi ya achari. Kwao Mahrokh alirudi kila mwaka, lakini kiangazi. Majira ya baridi ni ya pashmaki. Mji mzima unataka sukari kwa usiku mrefu wa Yalda, halafu unataka tena kwa mwaka mpya wa Nowruz, na mke wa mtengeneza pashmaki hawezi kwenda kuteleza milimani wakati wateja wamepanga foleni mlangoni. Mwaka ukaufuata mwaka. Watoto wakakua. Kila kiangazi alisimama uani kwa kaka yake akautazama mlima ukiwa kahawia, mkavu, kama mtu aliyevuliwa nguo, kisha akaingia ndani kumsaidia mke wa kaka yake kukatakata mboga.

Hadi vuli hii, daktari wa mifupa alipoiinua picha ya goti lake dirishani.

"Hili limekwisha, mama. Nowruz ikipita tunakuwekea la chuma."

"Na kuteleza kwenye theluji?"

Daktari, kijana mwenye ndevu za kupangwa, alicheka. Alipoona mgonjwa hacheki akaacha. "Kwa la chuma, hapana. Usijaribu hata siku moja. Ukianguka nalo hatutaweza kulitengeneza tena."

"Na kwa hili bovu?"

Akamtazama, akaitazama picha. "Hili huwezi kuliharibu zaidi ya lilivyo. Mteremko wa watoto, mara moja, polepole, na usiniambie."

Mahrokh alirudi nyumbani na teksi, hakuvua hata koti, akateremka ghalani akaanza kuihamisha mitungi ya achari.

Yalda ilipopita, wiki nzima walipanga safari wakiwa wamekaa kuzunguka korsi, ile meza fupi yenye moto chini na blanketi kubwa juu, miguu ya wote ikigombania joto. Heshmat hangeweza kwenda, kazi ya Nowruz ingeanza wakati wowote. Lakini ushauri alikuwa nao tele, maana aliwahi kuishi kwenye theluji kwa muda wote wa jeshi na kwa maoni yake hilo lilimfanya bingwa.

"Mchukue samawari," akasema.

"Kaka yangu ana samawari."

"Ya kaka yako inavuja. Na jiko la mafuta ya taa. Na blanketi lile zito, na mchele wenu wenyewe."

"Babu," akasema Nilgun, aliyekuwa akisoma chuo pale mjini na kuishi nao, "tunakwenda siku mbili tatu. Hatuendi vitani."

"Mimi nimeona baridi ya kule. Ndevu zangu ziligandiana na mto wa kulalia."

Bi Batul alitaka kujua kama theluji inafaa kutawadhia, na kama inafaa, je, mtu hapotezi vidole. Alileta mbegu za kufukiza dhidi ya kijicho, kwa sababu mwanamke wa umri ule akionekana anateleza mlimani, macho ya watu hayatakosa. Kisha akasema, "Mimi sielewi. Mtu anapanda juu kwa tabu, halafu anashuka. Si angebaki chini?"

"Wifi, wewe unapanda darini kila jioni kuangalia majirani, halafu unashuka."

"Mimi napata habari."

Nilgun alionyesha kwenye simu buti za plastiki na mbao za siku hizi, nyepesi, za rangi za pipi. "Tukodi, Bibi. Na hizo za mzee seremala watatucheka."

"Wacheke," Mahrokh akasema. "Watacheka nikiwa nimeshawapita." Alikuwa amezisugua kwa nta ya mshumaa hadi zikang'aa, ingawa ukizinusa karibu bado ulisikia siki na kitunguu saumu.

Ndiyo safari hiyo iliyozimwa na chafya ya kwanza.

Bi Batul alitoa hukumu kwamba safari iliyopigiwa chafya haianzwi tena juma lile lile. Juma lililofuata Nilgun alikuwa na kazi ya chuo. Lililofuata, barabara ya mlimani ilifungwa kwa wingi wa theluji, na Mahrokh aliposikia habari hiyo redioni alikaa karibu na redio akitabasamu kama mtu aliyeletewa salamu. Barabara ilipofunguliwa, wakafunga tena mbao juu ya gari.

Safari hii Mahrokh alijipanga. Alimwamuru mumewe anawe uso, avue aproni, asimame mbali na mlango wa kiwanda. Hangeweza kumwambia asiwepo kabisa. Mwenye nyumba ndiye anayeishika Kurani msafiri apite chini yake, na hilo halina mjadala. Heshmat alisimama safi, nywele zimelowana, shati jipya. Mahrokh akapita, akabusu, akaingia garini. Nilgun akaweka gia.

Mabega ya Heshmat yakapanda. Mkono ukatafuta ukuta. Akapiga moja iliyowarusha njiwa kutoka kwenye mnara wa kunasia upepo ulio juu ya nyumba.

"Mbili, Babu! Ya pili! Ilete!" Nilgun alipiga kelele akiruka kutoka garini.

"Haiji!"

"Tazama jua!"

Akalitazama jua hadi machozi yakamtoka. Mahrokh akachechemea hadi jikoni, akarudi na kikopo cha pilipili manga, akamtikisia chini ya pua. Heshmat akakohoa, akawa mwekundu, akatema, akaomba maji. Bi Batul ndiye aliyepiga chafya, tena mfululizo, hata bakuli likamwagika lote miguuni mwake.

"Hizo ngapi?" Nilgun akauliza. "Shangazi Batul, hizo ni zaidi ya mbili!"

"Ya kulazimishwa haihesabiwi!" Bi Batul alifoka akijifuta kwa ncha ya shuka alilojitanda. "Hata mngeniua kwa pilipili haihesabiwi! Mnacheza na mambo msiyoyajua. Shusheni mizigo."

Wakashusha. Kotleti zililiwa mchana huo nyumbani, hakuna aliyezisifu.

Jioni Mahrokh alimfuata mumewe kiwandani. Wafanyakazi walikuwa wameondoka. Heshmat alikuwa peke yake mbele ya meza kubwa, anafikicha unga uliokaangwa kwa samli, ule ambao sukari huvutwa ndani yake mara nyingi hadi igeuke nyuzi. Hewa ilikuwa nzito kwa unga. Mahrokh hakukaa.

"Unajifanya," akasema.

"Najifanya nini?"

"Chafya. Mara mbili, sekunde ile ile, gari likiwa linaondoka. Mwanamume aliyenawa, aliyevaa shati jipya! Mimi si mtoto, Heshmat."

Akaweka unga chini. Alikuwa mtu mpole, lakini kuna mambo yalimuuma. "Mimi nimejifanya lini? Nitajie siku moja nimejifanya, tangu unioe."

"Nikuoe mimi?"

"Ndiyo, wewe ndiye uliyenioa. Mimi nilikuwa nimelala kwenye theluji."

"Haya, hiyo hapo! Ulijifanya tangu mwanzo. Siku tatu unaanguka mbele ya duka la mikate ili nikuinue!"

"Sikujifanya!" Heshmat akapiga meza, unga ukapanda. "Nimekaa kimya miaka yote hii kwa sababu unapenda kukisimulia. Mahrokh, nilianguka kwa sababu barafu inateleza! Nilikuwa na buti za jeshi, soli imeisha! Siku ya tatu nilipita upande wa pili wa barabara nikukwepe kwa aibu, nikaanguka huko, ukaja huko huko!"

Mahrokh akaupangusa unga uliomrukia. Kati ya yote aliyoyapenda katika maisha yake, kile kisa kilikuwa karibu na juu kabisa.

"Ungeweza kuninyamazia hilo," akasema.

"Ningeweza. Lakini umeniita mwongo." Akakaa kwenye gunia la sukari. Akaangalia mikono yake iliyojaa samli. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Chafya ni za kweli. Ila nikuambie. Zikija, moyo wangu unafurahi. Hilo ndilo kosa langu, si jingine. Naogopa usirudi."

"Nisirudi? Kutoka wapi, mteremko wa watoto?"

"Utasimama pale juu na mbao za baba yako. Utatazama. Utasema, mimi nilikuwa na haya yote, nikayaacha nikaenda kuhesabu mitungi kwenye ghala la watu, kwa ajili ya mtu aliyeanguka kwa bahati mbaya. Kila kiangazi nakuona unavyoutazama ule mlima. Mwili utarudi, najua, una upasuaji. Lakini wewe mwenyewe hutarudi."

Mahrokh alikuwa na hasira bado. Alikuwa na huruma pia, na viwili hivyo vilimchanganya. "Nawe ungekuwa na goti moja la mwisho," akasema, "ungetaka ulimalizie wapi?" Akatoka. Uani, nyuma ya mti wa komamanga, alimwona Bi Batul akiokota majani ambayo hayakuwepo.

Baada ya hapo siku zikapita. Kaka yake Mahrokh alipiga simu kutoka Shemshak. "Dada, unakuja au huji? Jua limeanza kula upande wa chini. Mteremko wa watoto ukishakuwa tope ni tope, hata baba afufuke akuchongee mbao za dhahabu." Hospitali nayo ilipiga kuthibitisha siku ya upasuaji. Vibakuli vya ngano ya Nowruz vilikuwa vimeanza kuota kijani madirishani mwa watu. Mahrokh alizitazama mbao zilizoegemezwa ukutani sebuleni, akaanza kufikiria zitabeba mitungi mingapi mwaka huu.

"Alfajiri keshokutwa," Nilgun akamwambia mezani. "Sina kipindi. Tukikosa hiyo, basi tena, Bibi."

"Tukikosa hiyo, basi tena," Mahrokh akasema, na Heshmat aliyekuwa anamenya chungwa akaacha kumenya.

Siku hiyo ilipofika, Heshmat hakuingia kiwandani kabisa. Alioga tangu kabla ya sala. Alijifunga kitambaa cha maji puani hadi dakika ya mwisho, akawa anazungumza kama mtu aliyezama kisimani. Alizifunga mbao mwenyewe, mafundo ya kijeshi, akavuta kila kamba, akaingiza samawari nyuma ya kiti bila kuulizwa na hakuna aliyemkatalia. Bi Batul alisimama na bakuli la maji, jani la chungwa likielea ndani. Mahrokh akapita chini ya Kurani. Alipoinua kichwa baada ya kuibusu, alimwona mumewe amebana midomo, macho yamemtoka, uso mwekundu, hapumui.

"Pumua, utazimia," akamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

Mahrokh akaingia garini. Akafunga mlango. Nilgun akashusha breki ya mkono, taratibu, kama anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

Chafya iliyobanwa huwa mbaya kuliko zote. Ilimwinua Heshmat visigino, ikampiga bega ukutani, Kurani ikamponyoka karibu idondoke, akaidaka kwa mikono miwili kifuani.

Moja.

Wakasubiri. Jirani wa mbele alifungua dirisha naye akasubiri. Nilgun alifumba macho na kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Hakuna kitu.

"Subira," akasema Bi Batul, na kwa mara ya kwanza hakulisema kwa sauti ya kutoa amri.

Mahrokh hakubishana. Alifungua mlango, akatanguliza mguu mzuri, akauvuta mbovu, akasimama, akaanza kulegeza fundo la kamba. Mafundo ya kijeshi hayafunguki kirahisi. Kucha zikamteleza. "Haya, yamekwisha," akasema bila kumtazama mtu yeyote. "Mungu hataki, nami nimechoka kubishana na pua. Nilgun, nishikie upande huo. Wifi, mitungi yako iko wapi, nizirudishe mahali pake." Aliposema hivyo akainamia fundo karibu zaidi ili uso wake usionekane.

"Hapchuu," akasema Agha Heshmat.

Wote wakageuka.

Mahrokh aliijua chafya ya mumewe kuliko alivyoijua sauti ya mlango wake mwenyewe. Ilianza mabegani. Mkono ulitafuta ukuta. Macho yalifumbwa hadi yakapotea, na mwisho ilikuja alhamdulillahi. Hii haikuwa na mabega. Mikono yote miwili ilikuwa imeishika Kurani. Wala hakukumbuka kufumba macho; alikuwa anamtazama Mahrokh moja kwa moja, ameiva masikio kwa aibu, mwanamume ambaye hata kuanguka kwenye theluji hakujua kuigiza.

"Hapchuu," akarudia, kwa mashaka, asije akawa hakusikika.

Jirani dirishani akafunika mdomo. Nilgun akamtazama Bi Batul, Mahrokh akamtazama Bi Batul, kwa sababu hukumu ilikuwa yake, na sheria aliyoitoa mwenyewe kuhusu chafya za kulazimishwa kila mtu aliikumbuka. Bi Batul alimtazama mdogo wake kwa muda. Kisha akazitazama mbao juu ya gari, ambazo miaka yote zilimbebea achari yake bila kulalamika.

"Nimesikia mbili," akasema.

"Lakini Shangazi, hiyo ya mwisho kabisa inakuwa ya ta..." Nilgun alianza.

"Mbili! Wewe unanifundisha mimi kuhesabu? Mbili ni ruhusa, tena ya haraka! Mpandishe bibi yako garini kabla sijakufinya!"

Mahrokh hakupanda mara moja. Alichechemea hadi kizingitini. Hakuna mtu wa Yazd anayemkumbatia mumewe barabarani jirani akitazama, kwa hiyo alimpangusa tu nyusi kwa kidole gumba, ingawa asubuhi ile hazikuwa na unga.

"Afya, mume wangu," akamwambia, kama anavyoambiwa mtu yeyote aliyepiga chafya.

"Angalia goti," Heshmat akasema.

Gari likaondoka. Mahrokh aliweka mkono nje kushika ncha ya ubao mmoja, hakuwa na haja, mafundo yalikuwa imara. Nyuma yao akasikia maji ya bakuli yakipiga lami, yale yanayomwagwa ili msafiri arudi salama na arudi upesi. Kisha akasikia maji mengine.

"Bibi," Nilgun akasema akitazama kioo, "Babu amemnyang'anya Shangazi bakuli. Anamwaga tena." Akachungulia tena. "Sasa amekwenda kuleta ndoo." Wakakata kona polepole kumpisha mwenye baiskeli. "Mungu wangu, Bibi, amevuta mpira wa bustani. Anamwagilia barabara nzima! Watamwambiaje watu wa maji?"

Mahrokh hakugeuka kutazama, kwa kuwa angegeuka angemwambia Nilgun asimamishe. Alikuwa analia na kucheka, thamosi ikimtingishika mapajani.

"Mwache amwage," akasema. "Kaza mwendo, mama, kabla hajapiga ya nne na wifi yangu akaanza kuhesabu upya."